Kabla ya Kuuza Tiketi, Piteni Halmashauri

Kwenu wenyeviti, makatibu na waweka hazina wa jumuiya zetu hapa Uingereza: mkipanga bahati nasibu ya kuchangia madawati ya Tanga au kisima cha Kitui, nawaomba mpite kwanza kwenye halmashauri ya mji wenu.

Najua ombi hili linachosha. Mtu ametoka zamu ya usiku, bado ana ukumbi wa kulipia na wapishi wa kuwatafuta, halafu anaambiwa ajaze fomu. Lakini bahati nasibu, hata iwe ya hisani, iko chini ya Sheria ya Michezo ya Kubahatisha ya mwaka 2005, inayotumika England, Scotland na Wales. Kuiendesha kinyume cha utaratibu ni kosa la jinai, na nia njema haimwokoi mtu hapo.

Tiketi zikiuzwa palepale ukumbini, shughuli ikiendelea, hakuna leseni wala usajili unaotakiwa. Ila katika mapato msikate zaidi ya pauni 100 za gharama, wala pauni 500 za kununulia zawadi. Zawadi aliyoitoa mwenye duka kwa hisani yake haihesabiwi humo.

Mambo huharibika tiketi zikihamia WhatsApp. Shangazi wa Leicester anachukua kumi, mjomba wa Birmingham ishirini, na pesa zote zinaingia kwenye akaunti ya mtu mmoja. Hiyo si bahati nasibu ya ukumbini tena. Hapo jumuiya inatakiwa iwe imesajiliwa na halmashauri: pauni 40 kwa kuanzia, kisha 20 kila mwaka. Usajili huo unaruhusu mauzo ya hadi pauni 20,000 kwa droo moja. Tiketi itaje jina la jumuiya, bei, tarehe ya droo, na jina na anwani ya msimamizi. Bei iwe moja kwa wote, kwa hiyo ile biashara yetu ya "chukua tano ulipie nne" haipo. Na asiyefika miaka 16 asiuziwe.

Sheria inataka angalau asilimia 20 ya mauzo iende kwenye lengo lililotangazwa. Kwa maoni yangu ni kidogo mno. Anayelipia tiketi kwa ajili ya kisima hatarajii sehemu kubwa ya pesa yake iishie kwenye televisheni ya mshindi, basi ombeni zawadi kwa wafanyabiashara wetu ili kiasi kikubwa kifike Kitui. (Wako ndugu ambao dini yao inawakataza bahati nasibu ya aina yoyote. Msiwabembeleze, wawekeeni kapu la mchango pembeni.)

Ninaloliona kuwa na maana zaidi ni taarifa ya baada ya droo. Ndani ya miezi mitatu halmashauri iandikiwe mauzo yalikuwa kiasi gani, zawadi na gharama zilichukua ngapi, na lengo lilipata ngapi, kwa saini za wanachama wawili watu wazima. Wengi hulichukulia sharti hili kama usumbufu wa serikali. Muulizeni mweka hazina aliyewahi kusemwa pembeni, "zile pesa zilikwenda wapi?", naye hakugusa hata senti. Angekuwa na karatasi hiyo, yenye saini ya mwenzake, angeibandika kwenye kikundi na maneno yangekwisha siku hiyohiyo. Na kama kweli kuna aliyekula, karatasi hiyohiyo ingemfichua.

Nasi wanunuzi tusikae tu tukisubiri kuitwa washindi. Ukiletewa tiketi, uliza kwa upole: mmesajiliwa na halmashauri gani? Droo ikipita, ombeni nakala ya taarifa isomwe kikaoni. Viongozi, katika kikao kijacho tengeni hizo pauni 40 kwenye mfuko wa jumuiya, mteue watu wawili wa kutia saini, na katibu aingie kwenye tovuti ya halmashauri atafute fomu kabla hata kitabu cha tiketi hakijachapishwa.