Kufuata samoni Ulaya huku Mto Vaal unanuka

Kila unapofika mwezi Juni na baridi ya Johannesburg kuanza kuuma, wapo wakaazi wa jiji hili wenye uwezo ambao hufungasha fito zao za kuvulia na kupanda ndege kwenda Norway, Scotland au Iceland. Huko ni kiangazi, na samoni wanatoka baharini na kupanda mito kwenda kutaga mayai. Uvuvi wenyewe si wa nyungunyungu. Mvuvi hufunga manyoya na nyuzi kwenye ndoana mpaka ifanane na mdudu au kisamaki, akarusha mshipi mrefu juu ya maji, akasubiri. Anaweza kumaliza wiki nzima bila kuguswa na samaki hata mmoja, na bado akarudi nyumbani akisema amefurahi!

Hatuna kinyongo na fedha za mtu. Kinachotukera ni kwamba kiasi cha kilometa 60 tu kusini mwa jiji kuna Mto Vaal, wenye samaki wa kienyeji aitwaye yellowfish, ambaye asili yake ni mito ya Orange na Vaal tu. Wanaomjua wanasema anapigana na mshipi kama samoni. Lakini kwa miaka mingi sasa mto huo umekuwa ukipokea maji taka ya manispaa ya Emfuleni, kwa sababu pampu zimeharibika na mitambo ya kusafishia ya Sebokeng, Rietspruit na Leeuwkuil imezidiwa. Mwaka 2018 serikali ilifikia hatua ya kupeleka wanajeshi kusaidia. Mwaka 2021 Tume ya Haki za Binadamu ya Afrika Kusini ilitoa ripoti na kusema wazi kuwa haki za wananchi zimevunjwa. Wala si samaki peke yao wanaoumia. Wapo watu wa Sebokeng na Sharpeville ambao kinyesi kimewafikia uani.

Watu hudhani mito ya kaskazini iliumbwa safi ikabaki safi. Sivyo hata kidogo. Mto Tyne unaopita Newcastle, Uingereza, ulichafuliwa na viwanda na maji taka hadi katika miaka ya 1950 samoni walikuwa karibu wametoweka kabisa. Yakajengwa mabomba makubwa ya kukusanya maji taka, vifaranga vya samaki vikapandwa, na leo Tyne unahesabiwa miongoni mwa mito bora ya samoni Uingereza. Hali kadhalika Rhine. Baada ya ghala la kemikali kuungua karibu na Basel mwezi Novemba 1986 na samaki wengi kufa, nchi za bonde hilo zilikubaliana mwaka uliofuata kuufufua mto, na kipimo walichojiwekea kilikuwa samoni arudi ifikapo mwaka 2000. Alianza kurudi kabla ya hapo.

Na huko nako mambo si shwari. Mwezi Juni 2024 Norway ilisimamisha uvuvi wa samoni katika mito 33, katikati ya msimu, kwa kuwa samaki walikuwa wachache mno. Kabla ya hapo, mwaka 2021, uvuvi huo ulisimamishwa katika mto ulio mpakani mwa Norway na Finland, ambao kwa bahati unaitwa Tana, kama ule wetu wa Kenya. Wageni waliokwisha kulipa walilazimika kutafuta starehe nyingine.

Wavuvi wa nzi bandia wa Afrika Kusini si wanyonge. Serikali ilipotaka kumtaja trauti, samaki aliyeletwa kutoka nje, katika orodha ya viumbe vamizi, chama chao kilikwenda mahakamani, na mwaka 2021 mahakama ikakipa ushindi, kwa hoja kwamba wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Nguvu hiyo kwa ajili ya trauti, je, kwa ajili ya Vaal? Ni kweli kwamba kikundi cha wakaazi kiitwacho SAVE kimekwisha kupata amri za mahakama dhidi ya Emfuleni, na maji taka yakaendelea kutiririka. Amri bila fedha na bila usimamizi haizibi bomba. Ndiyo maana tunawataka wenye sauti na mawakili wasikae kando.

Wavuvi hao ndio wa kwanza kuona samaki akielea tumbo juu kule Parys. Tungependa kuwaona kwenye vikao vya manispaa ya Emfuleni wakati bajeti ya pampu inapojadiliwa, kabla hawajakata tiketi ya Oslo.