Nilimjua Bismarck, Kariakoo Sikuijua

Wiki hii mapenzi tuyaweke pembeni kidogo. Nataka kuongea na nyie mlioko Kidato cha Tano na cha Sita mnaosoma Historia, na nyie mnaowacheka.

Maana kuchekwa tunachekwa, jamani! Mimi nilichukua HKL. Washkaji wa PCB walikuwa wakiniuliza eti nikimaliza nitaajiriwa na nani, Bismarck? Nikawa nakaza buti tu. Bismarck nilimjua kuliko jirani zetu wa Tandika. Mkutano wa Berlin, 1884 hadi 1885, upo kichwani. Sarajevo, Juni 28, 1914, Franz Ferdinand kapigwa risasi, ipo. Sababu sita za Vita Kuu ya Kwanza, tena kwa Kiingereza, ningekumwagia zote hata ukiniamsha saa nane za usiku.

Lakini kuna kitu nilikuwa nazuga. Bwenini wakiniuliza mzee wangu anafanya nini, nasema, "Yupo Kariakoo, biashara." Uongo mtupu. Mzee alikuwa kuli. Alikuwa anabeba marobota ya mitumba, kutoka kwenye lori mpaka stoo, na ada yangu ilitoka kwenye bega lile lile.

Basi siku moja mwalimu wa Historia akaweka chaki chini, akauliza, "Nani mtoto wa Dar hapa? Haya, Kariakoo maana yake nini?" Kimya. Mtoto wa mjini nikaangalia dirishani.

Kumbe ni Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza! Wazee wetu walilitamka walivyoweza, likawa Kariakoo. Nairobi nako kuna Kariokor, asili yake ni hiyo hiyo.

Ile vita niliyokuwa naikariri kama ugomvi wa Wazungu huko kwao, ilipiganwa hapa hapa. Novemba 1914 Waingereza walichapwa na Wajerumani pale Tanga. Septemba 1916 wakaiteka Dar es Salaam, na pale tunapogombania bei za viatu ndipo ilipokuja kuwa kambi ya wapagazi wao. Barabara za maana hazikuwepo, ng'ombe na punda walikuwa wakifa kwa mbung'o. Kwa hiyo risasi, unga, mahema, vyote vilipanda kichwani kwa mtu, kilo 25 hivi kila mmoja. Wengi hawakujitolea, walikamatwa vijijini. Wajerumani nao walifanya vivyo hivyo. Walikufa makumi ya maelfu, na waliouawa na kuhara damu, njaa na homa ni wengi kuliko waliouawa na risasi.

Nilipofunga shule nikamsimulia mzee. Alikuwa anakula, akasikiliza mpaka mwisho.

"Walilipwa?"

"Wengi walikufa kabla hawajachukua chao, baba."

"Majina yao yako wapi?"

Kesho yake nikampeleka kwenye Sanamu ya Askari, Mtaa wa Samora. Imesimama pale tangu 1927. Maandishi yake yanawataja askari na wapagazi, na yanaahidi kwamba ukiipigania nchi yako ukafa, wanao watalikumbuka jina lako. Mzee akaizunguka sanamu mara mbili, anatafuta. Hakuna jina hata moja.

"Sasa mwanangu," akaniambia, "hao watoto watalikumbukaje?"

Sikuwa na jibu. Na mimi niliyekuwa naificha kazi ya baba yangu, jibu ningelitoa wapi?

Niliporudi shule, mshkaji akaniuliza tena habari za biashara ya mzee. Nikamwambia, "Mzee wangu ni kuli." Akacheka. Akaona mimi sicheki, akanyamaza.

Mtihani wa mwisho haukuuliza habari ya Kariakoo, na sitawadanganya. Sababu sita zikaririni, pepa ni pepa. Ila kila mkimaliza mada, muulizeni mtu wa nyumbani, "Kwetu ilikuwaje?" Waliohamishiwa vijiji vya ujamaa miaka ya 1970 wapo. Waliokwenda Vita vya Kagera, 1978 hadi 1979, wapo, wengine mnakaa nao uani. Hao hawapo kwenye notisi zenu, na hawatatungoja. Waulizeni majina, myaandike kwenye daftari.

Kwa leo naishia hapa. Wiki ijayo tunarudi kwenye mambo yetu yale. Na ukiwa Kariakoo ukasikia mtu nyuma yako anapiga kelele, "Pisha mzigo!", usimsonye. Pisha. Huenda begani pale pamekaa ada ya mtu.