Mchumaji Akianguka, Nani Atamtibu?

Tusione haya kujifunza kwa wenye mkonge. Kule Korogwe na Handeni, kwa sheria ya Bara ya mwaka 2008, mwajiri hutakiwa kuchangia Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi tangu 2015, wala haruhusiwi kuukata mchango huo katika mshahara. Mkata mkonge akichomwa jicho na mwiba kazini, gharama za matibabu zina pa kutoka.

Visiwani nasi tuna sheria ya fidia, ya 1986. Lakini mchumaji wetu wa pishi, aliye juu ya mti mrefu kuliko mkonge wowote, jina lake limeandikwa wapi? Tawi likikatika, mara nyingi hupewa pole na nauli. Nasema aandikwe, na fedha za matibabu zitengwe, kabla hajapanda.