Mjusi wa Julai Hawezi Kukimbia, Acheni Kumpiga

Wasee wa Kyumbi, leo mtanivumilia. Kumpiga mjusi mawe asubuhi ya Julai si ushujaa. Ni uoga. Unampiga mnyama ambaye saa hiyo hawezi hata kukimbia.

Mwili wa mjusi hautengenezi joto kama wetu, unategemea jua. Sisi tuko zaidi ya mita 1,500 juu ya bahari, na kuanzia Juni hadi Agosti hata wewe unavaa jaketi mbili ukingoja matatu pale barabara ya Machakos inapochepuka kutoka ile ya Mombasa. Yeye hana jaketi. Analala kwenye ufa wa ukuta au chini ya mabati. Ukungu ukitoka, anajikokota hadi ukuta unaotazama mashariki, anajibandika hapo kuota jua. Yule dume wa kichwa chekundu na mwili wa buluu hata rangi imempotea, amebaki kahawia tu. Ndio saa hiyo vijana wanatokea na manati. Si mngojee Januari mchana basi, tuone kama mtampata!

Ati ana sumu? Nani alikwambia? Hawa wa kuta zetu hawana sumu yoyote. Mijusi wanaojulikana kwa sumu kali, kama yule anaitwa Gila, wako Marekani na Meksiko. Na akiinua kichwa juu chini, hakutukani wala hakurogi. Anawaambia madume wenzake kwamba huu ukuta una mwenyewe.

Wengine wanasema anachafua chakula. Hapo mna pointi, kinyesi chake kinaweza kuwa na bakteria za salmonela. Kwa hivyo funika sufuria, futa meza, osha mikono. Lakini kuku naye hubeba salmonela hiyo hiyo, na sijaona mtu wa Kyumbi akimkataa Krismasi.

Kinachoniuma zaidi ni dawa. Kwenye ploti ninayokaa walinyunyiza hadi nyuma ya mlango, na asubuhi tukafagia wale mijusi wadogo weupe wa usiku, wale hukaa karibu na taa. Hao ndio hula nondo, mbu na mende wadogo bila kukuuliza shilingi. Unafukuza askari wa bure, halafu jioni unaenda dukani kununua dawa ya mbu. Hiyo ni hesabu gani?

Tena tusijifanye wao ndio wametuvamia. Mawe waliyokuwa wakiota jua tumeyapasua yakawa kokoto, vichaka tumefyeka, ploti zimejengwa hadi pembeni. Ukuta wako ndio jiwe walilobakishiwa.

Wazazi, hili ni lenu pia. Mtoto akimpiga kiumbe kilichoganda kwa baridi na nyinyi mkacheka, amejifunza kwamba wa kupigwa ni yule asiyeweza kutoroka. Kesho atamtafuta mwingine wa aina hiyo, na huenda asiwe mjusi.

Siombi mumpe jina wala mumlishe. Muachieni ukuta hadi saa nne, saa tano hivi. Akishapata joto atashuka mwenyewe, aende kutafuta mchwa wanaokula fremu ya mlango wako.