Freemason Hawagawi Utajiri

Kijana akinunua gari kabla hajafika miaka thelathini, mtaani hukumu huwa tayari: kajiunga Freemason. Msanii akifa ghafla, katolewa kafara. Mwigizaji Steven Kanumba alipofariki Aprili 2012, matanga hayajaanuliwa, uvumi huo ulishaenea nchi nzima, na mama mzazi anamlilia mwanawe huku watu wakisimuliana habari za ushirikina. Imani hii ni uongo, tena uongo unaoumiza watu.

Mtazameni Sir Andy Chande, aliyewaongoza Freemason wa Afrika Mashariki tangu 1986 hadi 2005. Hakujificha. Alihojiwa na waandishi, akaandika na kitabu cha maisha yake. Alizaliwa Mombasa mwaka 1928, akakulia Bukene, Tabora, katika familia ya wafanyabiashara; mali aliikuta nyumbani. Uanachama aliupata miaka ya 1950. Mwaka 1967, baada tu ya Azimio la Arusha, serikali ikataifisha viwanda vya familia yake vya kusaga nafaka, na yeye akabaki mtumishi wa mashirika ya umma. Kama chama hicho kina nguvu za giza za kumwaga fedha, mbona hazikuvilinda viwanda vya mtu aliyekuja kuwa mkubwa wao? Waumini wa kafara hawajawahi kunijibu swali hili.

Na huyo shetani ambaye Freemason wanadaiwa kumwabudu, sehemu kubwa ya sifa zake ilitungwa Ufaransa. Mwandishi aliyejiita Léo Taxil aliandika kwa miaka mingi kwamba Freemason humwabudu Ibilisi, vitabu vikauzika, hata viongozi wa dini wakamwamini. Aprili 1897 aliwakusanya watu ukumbini Paris akakiri mbele yao kwamba yote aliyazua. Yeye alikiri. Sisi, zaidi ya miaka mia moja baadaye, tungali tunasimuliana yale yale kwenye vibanda vya kahawa.

Sisemi chama hiki kisiguswe. Kanisa Katoliki limekipinga tangu 1738 kwa hoja za imani, na muumini ana haki ya kuzishika. Kwetu kiliingia na ukoloni: loji, yaani matawi yake, za mwanzo, kama ile ya Harmony ya Nairobi mwanzoni mwa karne ya 20, zilikuwa za Wazungu, maofisa na walowezi, katika nchi ambayo baadaye Mwafrika alitembezwa na kipande shingoni. Mpaka leo loji zinazofuata utaratibu wa Uingereza hazipokei wanawake. Wanaume wenye vyeo na mitaji wakikutana faragha, raia ana haki ya kuuliza wanasaidiana vipi kwenye zabuni na uteuzi. Hayo maswali magumu hatuyaulizi, kwa sababu hadithi ya damu imeshatushibisha. Tajiri aliyekwepa kodi, au aliyepewa kiwanja cha umma, anasemwa kuwa ni Freemason, kisha faili lake halifunguliwi na mtu yeyote.

Anayefaidi zaidi ni tapeli. Nguzo za umeme mjini zimebandikwa karatasi: jiunge na Freemason, utajirike, piga namba hii. Msichana aliyemaliza chuo bila kazi anatuma fedha ya fomu, halafu ya pete, halafu ya kusafirisha sanduku la dola lisilokuwepo. Utaratibu wenyewe uko kinyume kabisa: mwombaji hupendekezwa na wanachama wanaomjua, hupigiwa kura, kisha hulipa ada, kila mwaka. Hakuna anayelipwa kwa kuingia.

Akishaibiwa, msichana huyo hawezi kwenda polisi, maana ataeleza vipi kwamba alikuwa anatafuta kujiunga na watu ambao jamii nzima inaamini wanaua? Imani yetu ndiyo inayomfunga mdomo. Wakati huohuo laini za simu nchini zimesajiliwa kwa alama za vidole, na namba za wezi hao zimebandikwa hadharani, kila mtaa. Zipigwe na wapelelezi.