Baraka: Anayesema jino haliui anawadanganya watu

BARAKA – Wengi katika eneo la Fizi, kuanzia Baraka mjini hadi kambi ya Lusenda, husema jino haliui. Neno hilo ni la uongo na linafaa kuachwa.

Jino likioza, usaha hujikusanya kwenye mzizi na kutafuta pa kutokea. Ukishuka chini ya taya hadi shingoni, ulimi huinuka, koo hubanwa, na mgonjwa anaweza kufa kwa kukosa pumzi. Majirani watasema amepewa sumu, kumbe ni jino.

Maumivu nayo hudanganya. Jino linauma wiki nzima, kisha linatulia kwa sababu mshipa ulio ndani yake umekufa. Mtu anamshukuru Mungu, huku ugonjwa unaendelea. Basi asipime hatari kwa maumivu, aangalie alama hizi: uso au shingo kuvimba, homa, mdomo kushindwa kufunguka, damu isiyokoma baada ya kung'olewa jino. Mwenye moja kati ya hizo aende hospitali siku hiyohiyo. Anayeshindwa kumeza mate au kupumua vizuri apelekwe saa hiyohiyo, hata kama ni usiku.

Muuza dawa sokoni anayempa mwenye shavu lililovimba vidonge vinne vya amoksisilini hamsaidii. Vidonge hivyo havitoi usaha wala having'oi jino. Vinampotezea siku tu.

Wapo wanaojitetea kwamba waganga wa meno ni wachache. Ni kweli, lakini uso uliovimba haungoji muganga wa meno. Unahitaji daktari wa kutoa usaha, kupiga sindano na kulinda pumzi. Huyo anatafutwa hospitali kuu, Baraka au Fizi.

Hatari kubwa zaidi iko kwa watoto wa familia zilizokimbia vita milimani. Mtoto mwenye utapiamlo, au aliyetoka kuugua surua, anaweza kushikwa na noma, hasa akiwa na miaka 2 hadi 6. Inaanza kwa ufizi kutoa damu, kidonda na harufu mbaya. Kisha shavu linavimba, na ndani ya siku chache nyama ya uso inaoza. Wengi wasiotibiwa hufa. Ikigunduliwa mapema, inatibika kwa antibiotiki za kawaida, usafi wa mdomo na chakula bora. Shirika la Afya Duniani liliiingiza katika orodha ya magonjwa yaliyosahaulika mwezi Desemba 2023.

Hapa viongozi wa afya na mashirika hawana kisingizio. Kwenye kambi, mkono wa mtoto hupimwa kwa utepe kutafuta utapiamlo. Anayeshika utepe huo amwambie mtoto afungue mdomo, atazame ufizi. Ni kazi ya dakika moja, na haihitaji franka hata moja.