Neno Kwanza, Wimbo Baadaye

Wanafunzi wapendwa, wengi wenu mwaimba kanisani, na watu hapa Songea wawasifu kwa sauti zenu. Nami nafurahi. Lakini nina neno moja la kuwaambia: tusiliimbe Neno la Mungu kabla ya kulisoma, wala tusilisome kwa macho tu, bali tulikalishe moyoni hata litufanyie kazi. Najua ya kuwa walimu wenzangu wa kwaya hawatakubali wote, maana husema wimbo mtamu ndio uwavutao watu kuja. Yawezekana. Je, wakiisha kuvutwa, watakula nini?

Nitawaeleza kosa langu mwenyewe. Mwaka mmoja tulikuwa tukijitayarisha kwa Pasaka, nami nikachagua Zaburi ya 133, ile iwasifuyo ndugu wakaao pamoja kwa umoja. Katika waimbaji wa besi walikuwamo watu wazima wawili wasiosalimiana tangu kilimo kilichopita, kwa ajili ya mpaka wa shamba la mahindi. Habari hiyo niliijua. Hata hivyo nikawaweka bega kwa bega, kwa kuwa sauti zao zilipatana. Siku ya sikukuu tuliimba vizuri sana, akina mama wakapiga vigelegele. Misa ilipokwisha, mmoja alitoka kwa mlango mkubwa, na mwenziwe kwa mlango wa kando. Nikaona, nikanyamaza, nikaenda zangu kula.

Juma lililofuata jumuiya yetu ilikusanyika nyumbani kwa bibi mmoja asiyejua kusoma. (Jumuiya hizi ndogo ndogo zimeenea katika Kanisa la Tanzania tangu miaka ya 1970, nami naziona kuwa darasa jema kuliko langu.) Mjukuu wake, msichana wa darasa la sita, humsomea kila jioni akiisha kuosha vyombo, mistari michache tu, tena mara mbili tatu, mpaka bibi aweze kuirudia kwa kinywa chake. Siku ile mtoto alisoma Injili ya Mathayo, sura ya 5, pale Bwana wetu amwagizapo mtu mwenye neno na nduguye aiache sadaka mbele ya madhabahu, aende akapatane naye kwanza. Kukawa kimya. Ndipo bibi akaniuliza kwa upole, "Mwalimu, na wimbo nao si sadaka?"

Sikuwa na jibu. Sura ile nilikuwa nimeisoma mara nyingi peke yangu, nisione kitu. Na hapa ndipo nipendapo mwangalie sana. Mtu asomaye peke yake huyaruka yale yamchomayo. Akisomewa mbele ya wenzake, hana pa kurukia. Mmoja wa wale wawili alikuwapo, ameketi karibu na mlango. Hakusema neno. Kesho yake, kabla ya jua kuchomoza, alikwenda kubisha hodi kwa mwenziwe. Mpaka wenyewe haujakwisha, wazee wangali wakiupima kwa hatua. Ila sasa wanasalimiana, na msimu huu wameazimana majembe.

Tena Neno hili halikutufikia kwa urahisi. Askofu Edward Steere alifanya kazi miaka mingi huko Unguja kulitia katika Kiswahili. Alikufa mwaka 1882, na Agano Jipya likachapwa mwaka 1883, kisha Biblia nzima mwaka 1891. Huku kwetu wamonaki wa Mtakatifu Benedikto walifika Peramiho mwaka 1898. Misheni yao ikateketezwa mwaka 1905 katika vita vya Maji Maji, nao wakaijenga tena. Wazee wetu waliokuja kubatizwa waliitika Misa kwa Kilatini, na wengi wao walishika maneno bila maana. Siwacheki, maana walichopewa walikishika kwa uaminifu kutushinda. Mwaka 1959 Padre Stephen Mbunga, wa upande huu huu wa Peramiho, alitunga Misa Baba Yetu. Na mwaka 1963 akatoa kitabu kizima juu ya sheria za Kanisa na muziki wa Kibantu. Mwaka ule ule Mtaguso wa Vatikano ulitoa ruhusa kwa lugha za watu kutumika katika ibada. Basi sisi tuliopewa lugha na ngoma pamoja, tuna udhuru gani tukiimba tusiyoyajua?

Kanuni ya Mtakatifu Benedikto yawataka wamonaki waimbapo zaburi mioyo yao ipatane na sauti zao. Mkienda Peramiho au Hanga mtawaona: kengele hulia, wakaacha kazi zao, wakaingia kanisani. (Nilipokuwa mdogo nilidhani kengele ile ni ya chakula.) Huimba polepole, na katikati ya kila mstari hutua kidogo. Zamani kule kutua kulinichosha. Sasa nadhani ndiko kunakofanya kazi kubwa, kwa maana hapo ndipo neno lipatapo nafasi ya kushuka.

Kwaya yetu sasa hatushiki noti mpaka mmoja amekwisha kusoma maneno mara tatu, nasi tumenyamaza kitambo. Wengine walinung'unika, na wawili wakahamia kwaya nyingine. Majuzi tulitaka kujifunza wimbo wa mwana mpotevu, tukasoma Injili ya Luka, sura ya 15. Kijana mmoja wa darasa la tano akauliza kwa nini kaka mkubwa alibaki nje, na kama mwishowe aliingia, kwa kuwa kitabu hakisemi. Mwimbaji mmoja akasema aliingia; mwingine, yule mwenye shamba la mpakani, akasema si rahisi kama mnavyodhani. Jioni ile hatukuimba hata noti moja. Giza likatukuta tungali tukisemezana.